Kusikia kwa Pua: Hisi na Hisia katika Usomaji wa Ushairi wa Kiswahili

Utangulizi

Makala haya yamezaliwa na aibu. Nilipokuwa katika mazoezi ya ualimu, nikisomea shahada ya kwanza, nilipangiwa kidato cha tatu katika shule moja ya wasichana huku bara, nikakabidhiwa vipindi vya ushairi. Niliteua shairi la maombolezo, tarbia ya beti saba, nikaliandika ubaoni kwa hati niliyoionea fahari. Kisha tukaanza kazi. Tulihesabu mishororo. Tuligawa ukwapi na utao. Tulizipigia mizani makofi, nane kwa nane, hadi darasa la jirani likatuma mjumbe kutuomba tupunguze kelele. Tulivitia vina katika jedwali, tukataja bahari, tukasaka inkisari mbili na tabdila moja. Zilipobaki dakika tano kengele ilie, msichana aliyeketi karibu na dirisha aliinua mkono akasema: "Mwalimu, nimemaliza kuhesabu. Sasa nifanye nini?"

Nilimjibu ahakikishe jumla yake. Darasa likacheka, naye akainama. Niliposahihisha zoezi lile mwishoni mwa juma, yeye ndiye aliyeongoza, alama 18 kwa 20. Siku chache baadaye mwalimu wa darasa alinidokezea kwamba msichana yule alikuwa amemzika mama yake katika likizo iliyotangulia. Nilikuwa nimempa shairi la kilio, nikamtaka alipime kwa rula.

Msomaji asinielewe vibaya. Sikusudii kuibeza arudhi. Tangu Sheikh Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954, wanagenzi wa ushairi wamekuwa na msamiati wa kulizungumzia umbo la shairi bila kubabaika, na msamiati huo ni hazina. Vilevile sisemi kwamba maswali ya bahari, muundo na idhini ya kishairi katika karatasi ya tatu ya mtihani wa kidato cha nne ni maswali mabaya. Ninalodai ni kwamba tumeanzia mwisho. Tunamfikisha mwanafunzi kwenye mifupa kabla hajaigusa ngozi, kisha tunashangaa akituambia kwamba ushairi ni mgumu, mkavu na haupendi. Nitajaribu kuonyesha kwamba hisi tano za mwili, yaani kuona, kusikia, kunusa, kuonja na kugusa, ndizo mlango wa kuingilia katika hisia za shairi, na kwamba anayeingia kwa mlango huo huikuta arudhi ndani ikimngoja, tena ikiwa na sababu ya kuwapo.

Lugha inayosikia harufu

Tuanze na lugha yenyewe, maana imetutangulia katika jambo hili. Mswahili husikia harufu. Husikia baridi, husikia njaa, husikia uchungu, husikia utamu wa chakula, husikia raha. Akitaka kubadilisha, huona: huona njaa, huona kiu, huona haya, huona wivu, huona baridi. Vitenzi viwili tu, kimoja cha sikio na kingine cha jicho, vimebebeshwa mzigo wa mwili mzima na nusu ya mzigo wa moyo. Wageni wanaojifunza Kiswahili hulishangaa jambo hili. Sisi wenyewe tumelizoea hata hatulitambui.

Chukua kivumishi "kali". Wembe ni mkali, jua ni kali, pilipili ni kali, siki ni kali, sauti ni kali, mzazi ni mkali. Neno moja limepita kwenye ncha ya kidole, kwenye ngozi, kwenye ulimi na sikioni, likaishia katika tabia ya mtu. Chukua "chungu" nalo. Dawa ni chungu, na mama mwenye mimba hushikwa na uchungu, na aliyefiwa ana uchungu, na tunaambiwa kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Katika methali hiyo haiwezekani kuchora mstari kuonyesha uchungu wa mwili unakomea wapi na ule wa moyo unaanzia wapi. Kadhalika tuna sauti nyororo, sauti nzito, sauti kavu, maneno matamu, jicho la baridi. Hata maneno "hisi" na "hisia" yanatengwa na irabu moja tu.

Natija yake kwa msomaji wa ushairi ni kubwa. Mshairi anapoandika kwamba alisikia sauti chungu, mwanafunzi wetu aliyefunzwa vyema huandika "sitiari" pembeni, akajipatia alama moja, akaendelea na safari. Hakuna aliyemuuliza: uchungu huo uliuonja wapi? Kwenye ncha ya ulimi, au kule nyuma kooni ambako shubiri hukaa mchana kutwa? Neno sitiari limetumika hapo kama kifuniko. Limeifunika chungu mnuko usitoke.

Malenga waliotutangulia

Sidhani kwamba ninaleta jambo jipya. Tazama Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, aliyeishi katika karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19. Wengi wetu tumefunzwa kwamba maudhui yake ni upitaji wa dunia na ubatili wa anasa. Ni kweli, lakini mawaidha ya namna hiyo yamejaa tele na mengi yamesahauliwa. Al-Inkishafi haijasahaulika kwa sababu mtunzi wake hakutuambia tu kwamba dunia hupita. Alitutembeza ndani ya nyumba. Kwanza anatupa mwanga: taa za kioo na za shaba zinazougeuza usiku kuwa mchana, vyombo vya kauri vilivyopangwa katika madaka ya kuta. Kisha anatuingiza katika nyumba zizo hizo baada ya wenyewe kutoweka. Madaka yaliyoshika sahani sasa yanalaza makinda ya ndege, popo wananing'inia juu, buibui wametanda vitandani. Na palipokuwa na kelele za watu, hakuna hata mnong'ono.

Neno analolitumia mtunzi kwa mnong'ono huo usiosikika ni "hisi". Nilipolikuta kwa mara ya kwanza nilidhani nimekosea kusoma. Lakini asili yake ya Kiarabu hubeba maana zote mbili, kule kuhisi na sauti hafifu. Kwa hiyo katika magofu ya Pate kilichokufa ni sauti na ni hisi kwa mpigo mmoja. Mtu anaweza kuandika tasnifu nzima kuhusu falsafa ya kifo katika utungo huu bila kulitaja sikio, na tasnifu hiyo ikapita. Lakini msomaji aliyewahi kuingia katika nyumba ya marehemu, wiki moja baada ya matanga, wageni wakiwa wameondoka na viti vya kukodi vimerudishwa, amekwisha kuuelewa ubeti ule kwa masikio kabla hajaufikia kwa akili.

Tukija karibu na wakati wetu, yatazame majina ya diwani tatu. Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni kati ya mwaka 1969 na 1972 kwa sababu ya kijikaratasi chake cha Kenya: Twendapi? Diwani ilitoka mwaka 1973. Mwaka uliofuata Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi. Mwaka 1988 Alamin Mazrui, ambaye naye alitiwa kizuizini mnamo 1982, akatoa Chembe cha Moyo. Dhiki ni kubanwa, ni kukosa nafasi. Kichomi ni maumivu ya mbavuni yanayomkata mtu pumzi. Chembe cha moyo ni pale chini ya kidari ambapo hofu hupiga kwanza. Watunzi watatu, wawili wa misukosuko ya Mombasa, mmoja wa mashairi huru kutoka Ukerewe, wote wameuweka mwili jaladani. Katika Sauti ya Dhiki limo shairi kuhusu jipu. Tumezoea kukimbilia kusema kwamba jipu ni ishara ya dola, na huenda ndivyo, lakini yeyote aliyewahi kuota jipu hukunja uso kwanza. Kule kukunja uso ni sehemu ya maana. Anayeruka hatua hiyo hupata siasa ya shairi pasipo shairi.

(Ugomvi wa wanamapokeo na wanamabadiliko, uliotawala vitabu vya ushairi vya miaka ya 1970, nauacha kando. Ukipimwa kwa mizani ya hisi, ugomvi huo hupoteza makali yake mengi.)

Kuna pia suala la mahadhi. Ushairi wa pwani haukuzaliwa kusomwa kimya. Utenzi una mahadhi yake, shairi lina yake. Wavuvi walikuwa na kimai na wakulima walikuwa na vave za kuchomea mashamba, yaani tungo ambamo mikono, mgongo na moshi vilikuwa sehemu ya utendaji. Darasani kwetu shairi husomwa kama tangazo la kazi. Nimewahi kukaa katika mihadhara ya muhula mzima wa ushairi ambamo hakuna aliyefungua kinywa kulighani hata moja, na mhadhiri alipougua wiki mbili hatukuona tofauti, kwa sababu tulikuwa na nakala.

Ua lililomo katika faharasa

Sasa nije kwenye kikwazo ambacho sisi watu wa bara tunakijua vizuri kuliko tunavyokiri. Ushairi wa mapokeo umejaa harufu ambazo hatukukulia ndani yake: asumini, kilua, mrehani, udi, ambari, marashi ya mawaridi. Katika Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na mama aliyekuwa mgonjwa akimuusia binti yake, mwili una nafasi pana: usafi, manukato, hina, wanja. Mwanafunzi wa bara akifika hapo hufungua faharasa, akasoma: "asumini: aina ya ua". Basi. Ua limekaushwa likabandikwa ukurasani. Mwanafunzi sasa anajua maana ya neno, na harufu hajaipata.

Mimi nililijua neno asumini kwa miaka tisa kabla ya kulinusa ua lenyewe. Ilikuwa jioni, katika kichochoro cha Mji wa Kale, Mombasa. Mama mmoja alipita, na baada yake kikapita kitu ambacho sikukitarajia: harufu nzito, tamu kiasi cha kukaribia kuoza, iliyobaki hewani baada ya mwenyewe kukata kona. Kijana niliyekuwa naye aliniambia kwamba ni kikuba, asumini zilizofungwa pamoja na majani yenye kunukia. Hapo ndipo nilipoelewa ni kwa nini washairi wa mapenzi wa pwani huzungumzia harufu wanapotaka kuzungumzia kutokuwapo. Asumini husikika vizuri zaidi mtu akishapita. Faharasa haikuwahi kunidokezea hilo.

Je, kila mwanafunzi wa Kakamega, Machakos au Kericho apelekwe Mombasa kunusa? Wenye fedha na wapeleke. Kwa sisi wengine kuna njia ya pili, nayo ni kukiri kwanza kwamba harufu imetupita, badala ya kujifanya tumeipata kwa sababu tumeikariri maana yake. Baada ya hapo tutafute katika maisha yetu harufu inayofanya kazi ile ile: ya moshi wa kuni katika sweta la mtu aliyerudi mjini, ya udongo wakati mvua ya kwanza inapoupiga. Hiyo haitakuwa asumini. Lakini itamfunza mwanafunzi swali sahihi la kuiuliza asumini.

Leso moja, beti mbili

Nikiwa na fikra hizo, mwaka uliopita nilikiomba kikundi cha usomaji cha chama chetu kinipe vipindi vitatu. Tulikuwa watu 11, wengi wao wa mwaka wa kwanza. Sikutaka kuyafanyia majaribio mashairi ya wakubwa, kwa hivyo nilitunga beti mbili zangu mwenyewe, nikijua kwamba hakuna atakayeogopa kuzikosoa. Ni hizi:

Sanduku nilifungua, harufu ikanijia,
Ya moshi na ya maua, iliyonisubiria,
Leso nikaikunjua, usoni ikatulia,
Yu wapi aliyevaa, nguo ikabaki hai?

Shangazi ameifua, sabuni imeingia,
Rangi zimejichanua, jua likiziwakia,
Nanusa pasi kutua, hakuna wa kunijia,
Yu wapi aliyevaa, nguo ikabaki hai?

Kipindi cha kwanza hakikuwa na kalamu. Nililighani mara mbili kwa mahadhi ya kawaida ya shairi, nao wakasikiliza macho yamefumbwa. Mara ya tatu nililisoma polepole kama nathari, nikanyamaza kila baada ya kipande. Niliwaomba jambo moja tu: watambue ni wapi mwili ulishtuka, uwe ni pumzi, koo, pua, tumbo au ngozi. Anayehisi hakuna, aseme hakuna. Wawili walisema hakuna, na niliwashukuru, maana darasa ambalo kila mtu hulia limefunzwa kuigiza.

Kipindi cha pili waliandika. Kanuni ilikuwa kwamba kila hisia iliyotajwa ilipiwe kwa neno kutoka katika beti. Huwezi kuandika "nilihuzunika" ukaishia hapo. Lazima uonyeshe neno lililokuhuzunisha na hisi liliyopitia. Hapa ndipo mambo yalipoanza kupendeza. Kijana mmoja alieleza kwamba ubeti wa pili ulimchanganya kwa sababu unapendeza machoni: rangi zimechanua, jua linawaka, leso ni safi. Jicho linafurahi ilhali pua inafiwa. Alisema hakupenda kufurahi mahali pale. Mwingine alisema kwamba "sabuni imeingia" ilimkera bila kujua sababu, hadi alipotambua kwamba kila kinachoingia humtoa kilichokuwamo. Hakuna kati yao aliyetumia istilahi "taswira ya kunusa" au "kinaya", na wote wawili walikuwa wakizungumzia mambo hayo hasa. Niliwapa istilahi baadaye, wakazipokea kama mtu anayepewa jina la jirani ambaye amekwisha kumfahamu kwa sura.

Vina vinavyofungua

Kipindi cha tatu tulirudi kwenye arudhi, nami niliogopa kwamba moto utazimika. Walihesabu: mizani nane kwa nane, tarbia, vipande viwili, vina vya "-ua" na "-ia" katika mishororo mitatu ya kwanza ya kila ubeti. Wakabishana kidogo kama shairi ni mtiririko au la, kwa kuwa kibwagizo kinavitoroka vina hivyo. Mmoja akanikamata kwamba "sanduku nilifungua" imedondosha kiambishi cha yambwa ili mizani isizidi. Nilikiri kosa, idhini ya kishairi ina mipaka, na pale niliitumia kwa uvivu.

Ndipo msichana mmoja, aliyekuwa amenyamaza vipindi viwili, akasema jambo ambalo mimi mtunzi sikuwa nimeliona. Alisema kina cha "-ua" ndicho kiambishi cha kauli ya kutendua. Funga, fungua. Kunja, kunjua. Katika ubeti wa kwanza mikono inatendua kweli: sanduku linafunguliwa, leso inakunjuliwa, na kilichofungiwa kinatoka. Katika ubeti wa pili sikio linaendelea kusikia "-ua" ile ile, lakini "fua" na "tua" hazitendui lolote. Mlio wa kufungua upo, na hakuna kinachofunguka. Kisha mwenzake akamdaka: na "-ia" je? "Ikanijia", "iliyonisubiria": hizo ni kauli za kutendea, harufu inamwelekea mtu, inamtendea yeye. Mwishoni inarudi "kunijia", safari hii baada ya "hakuna".

Sidai kwamba kila kina cha Kiswahili kina siri ya namna hii. Herufi haina huzuni yake yenyewe, na mhakiki anayesema kwamba irabu "u" daima ni ya majonzi ananiudhi kama anayesema kwamba mtu mrefu daima ni mwerevu. Ninachosema ni kwamba lugha yetu ni ya viambishi, na kina mara nyingi huangukia pale pale ambapo mnyambuliko wa kitenzi huketi. Msomaji aliyekwisha kuhisi kwamba kitu kimefunguka na kingine kimekataa kufunguka ana sababu ya kukichungulia kina. Wanafunzi hawa walihesabu kwa makini zaidi ya darasa langu la makofi, kwa sababu walikuwa wakitafuta kitu.

Kibwagizo nacho kiliwapa kazi. Maneno hayabadiliki hata nukta. Lakini mara ya kwanza "nguo ikabaki hai" ni mshangao wa mtu aliyekuta harufu imemngoja. Mara ya pili ni kejeli chungu, kwa kuwa nguo nayo imekufa kambani, mbele ya jua. Tulijaribu kukighani mara zote mbili kwa sauti ile ile, tukashindwa. Koo lenyewe lilikataa.

Pingamizi

Nilipoyasimulia haya kwa mhadhiri mmoja ninayemheshimu, aliniambia: "Bwana, hisia hazisahihishiki. Akiandika kila mtu alichohisi, uhakiki utageuka matanga." Pingamizi hilo ni zito na sitalipuuza. Louise Rosenblatt, mwalimu wa fasihi wa Marekani ambaye kitabu chake cha mwaka 1938 kilichangia kuanzisha mjadala wa upokezi wa msomaji, alisisitiza kwamba shairi hutokea pale msomaji na matini wanapokutana, lakini hakusema kwamba msomaji anaweza kuleta chochote atakacho. Matini hudai haki yake.

Nina mfano. Mmoja wa wale 11 aliandika kwamba alipofungua lile sanduku alisikia harufu ya samaki. Wenzake walicheka. Nilimuuliza ni samaki gani, akajibu: omena. Nyanya yake alikuwa akichuuza omena sokoni, na leso zake hazikuachana na harufu hiyo hata siku za sherehe. Sasa, je, amekosea? Shairi limesema moshi na maua. Kwa kanuni yetu ya kulipia hisia kwa neno, hana neno la kulipia. Nilimwomba arudi kwenye beti, aniambie omena waliingilia wapi.

Alirudi, akasoma kwa muda, kisha akasema: "Waliingia kwenye 'harufu ikanijia'. Hapo hujasema harufu gani. Mshororo wa pili ndio ulionikosea." Tulitazama, na alikuwa na haki. Baina ya mshororo wa kwanza na wa pili pana mkato mdogo, na katika mkato huo kila msomaji hunusa maiti wake. Kisha mtunzi anakuja na moshi na maua, anawafukuza maiti wa watu wote isipokuwa wa kwake. Huenda huo ni udhaifu wa ubeti ule. Huenda pia ni nguvu yake, kwa kuwa maombolezo ni ya mtu mmoja mahususi, na msomaji anapaswa kuonjeshwa kwamba marehemu huyu si wake. Hatukukubaliana. Lakini huo ulikuwa uhakiki, tena wa kiwango ambacho sikukitarajia kwa mwaka wa kwanza, na ulianzia puani.

Kwa hiyo jibu langu kwa mhadhiri ni kwamba hisia hazisahihishwi, bali safari ya kutoka kwenye neno hadi kwenye hisia inasahihishika. Mwanafunzi anaweza kuulizwa: ni neno gani, liko wapi katika mshororo, limezungukwa na nini, lingebadilishwa kungetokea nini? Akijibu, apewe alama. Akisema tu kwamba alilia, tumpe pole na tusimpe alama. Ugumu unaobaki, nami sijaupatia dawa, ni ule wa wakati. Darasa la wanafunzi 50 na kipindi cha dakika 40 haviruhusu macho kufumbwa mara tatu. Pengine shairi moja kwa muhula lisomwe hivi, na mengine yaendelee kuhesabiwa.

Daftari la alama la yale mazoezi ya ualimu ninalo hadi leo. Swali la (d) lilikuwa: "Bainisha toni ya shairi." Msichana wa dirishani alijibu kwa maneno manne: "Toni ni ya huzuni." Pembeni yake nimeandika 2/2.